Ujumbe wa Geti la Kijani

Mchana ule fundi alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule, na mwanawe wa pekee, Chiriku, alikuwa bafuni. Jina hilo alilipata utotoni kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu mama yake mdogo amletee simu ya kufanyia kazi za shule, binti alikuwa amenywea. Akila, simu i pajani. Akiitwa, anaitika kama aliye mbali. Fundi alijiambia ni mambo ya umri, yatapita.

Simu iliyoachwa juu ya meza ya kukatia vitambaa ikawaka. Fundi hakuwa mtu wa kuchungulia, ila macho hayana pazia.

"Nimeshaliona geti lenu la kijani. Kesho ukitoka shule nitakuwa hapo. Mama asijue."

Mguu wake ukaganda kwenye pedeli ya cherehani. Akaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara mwanamume mmoja alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Aliinuka, akaenda zake, na fundi bado alikuwa ameng'ang'ania dirisha.

Chiriku alipotoka bafuni alimkuta mama yake na rula ya mbao mkononi. Lakini fundi alikumbuka viboko alivyochapwa yeye, na kitu pekee vilichomfundisha: kuficha vizuri zaidi. Akaiweka rula chini.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Rafiki yangu. Ana miaka kumi na tatu kama mimi."

"Umewahi kusikia sauti yake?"

Binti akalia. Akaeleza kidogo kidogo: kamera ya rafiki huyo kila siku ni mbovu, ila Chiriku alishamtumia picha zake, za chumba, za geti. Wiki nzima alitaka kusema, akaogopa kunyang'anywa simu.

Walikwenda polisi saa ile ile. Kesho yake afisa aliyevaa kiraia aliketi chumba cha mbele kama mteja aliyeleta suruali, na fundi alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tano, akashindwa. Saa tisa na nusu mtu mwenye mvi akasimama getini na mfuko wa zawadi. Chiriku alimwona, akamkumbatia mama yake kiunoni, asitake kumwachia hata baada ya mtu yule kukamatwa.

Simu iliporudi kutoka polisi, mama na mwana walipatana. Itatumika chumba cha mbele tu. Mezani hakuna simu, hata ya mama, na hapo Chiriku alicheka, maana fundi ndiye bingwa wa kujibu wateja huku anatafuna. La mwisho lilitoka kwa fundi: atakayesema ukweli hatanyang'anywa kitu.

Hofu haikuhama. Kila aliyesimama karibu na geti alimkatiza fundi mshono. Mwezi wa tatu tangu siku ile, Chiriku akamsogezea simu: mtu wasiyemjua alikuwa ameandika, "Mambo, mrembo."

"Tufanyeje, mama?"

"Mzuie kwanza. Halafu kaa hapa na mimi."