Gari Halikufiwa

Gari langu walilivunja Ijumaa mchana, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini, nami nikiwa ndani nawatazama dirishani. Walikuwa vijana wawili, wamejifunga vitambaa usoni. Walianza na kioo cha mbele, wakaja kwenye taa, wakachana viti, wakafungua boneti na kukata nyaya. Halafu mmoja akachukua msumari akalikwangua ubavu mzima, taratibu, kama mtu anayepiga mstari kwenye daftari. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, lakini kutoka nje sikutoka. Nilikuwa wiki ya sita ya eda ya mume wangu, na nilivyofundishwa tangu usichana ni kwamba mjane akivuka kizingiti kabla ya miezi minne na siku kumi, eda yake imeharibika. Basi nikashika kitasa kwa mikono miwili, nikabaki palepale.

Lilikuwa gari dogo jeupe, namba A, la zamani, wakati hapa mtaani Rasbura watu wanatambiana kwa namba E, magari mapya. Tulilinunua kwa korosho za shamba nililoachiwa na mama yangu, huko nyuma ya Mitwero, na kadi yake ina jina langu. Marehemu macho yalimsumbua, kwa hiyo dereva nilikuwa mimi. Yeye alikaa pembeni akinisahihisha, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika usukani. Bila gari lile shambani sifiki, maana magoti yangu hayataki tena pikipiki, na korosho haziokotwi kwa simu. Na bila shamba sina changu, nitakuwa mtu wa kupokea.

Baada ya siku tatu akaja kaka wa marehemu mume wangu, anayeuza vyakula pale Nangurukuru. Alikaa kibarazani, mimi ndani, pazia katikati. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Gari liuzwe chuma chakavu, shamba likodishwe, na eda ikiisha nihamie kwake, kuna chumba cha uani. Hakusema kwa ubaya. Shemeji yangu ni mtu wa kusaidia, na akishakusaidia huna tena la kusema. Watoto wangu walioko Dar walipopiga simu nao wakaniambia, mama, pumzika sasa.

Niseme kweli, nilikuwa nusu nimekubali. Nilichoka. Kila nikifunua dirisha naliona limeinama upande, kuku wa jirani wameingia kutagia kwenye kiti cha marehemu. Nilimwita fundi wa Mitwero anayelijua, akalizunguka mara moja akatikisa kichwa. Alisema hili uza kwa kilo, mama, utakalotia humu halitarudi. Mjumbe wa mtaa aliandika maelezo na habari ikaishia hapo. Kuna walionong'ona kwamba ni mkono wa shemeji, nikawauliza avunje kwa nini kitu anachotaka kukiuza? Mpaka leo sijui ni nani, na majina niliyoletewa sikuyasikiliza, kwa sababu ningeanza kumchukia mtu ambaye pengine hakufanya.

Aliyenizindua ni mwalimu wa madrasa ya jirani, binti wa umri wa mwanangu wa pili. Aliniletea uji wa mchele, akaniamkia shikamoo, akakaa mkekani. Nikamsimulia habari ya gari yote, pamoja na nilivyong'ang'ania kitasa. Hilo nililisimulia kwa fahari kidogo, kwamba hata walipokuwa wananivunjia mali mimi eda yangu niliilinda. Binti akaniuliza:

"Mama, nani alikwambia huwezi kutoka?"

Nikamjibu, kila mtu.

"Mjane ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake, mradi usiku alale nyumbani kwake. Mtu akikuvunjia mali yako, hiyo si haja?"

Sijawahi kukasirika vile, wala siku ya Ijumaa yenyewe. Nilijikasirikia mimi, nikawakasirikia bibi zangu wote, Mungu awarehemu, waliotufunga kamba fupi kuliko tuliyoamrishwa. Ningetoka na mchi tu, wale vijana wangekimbia. Waliharibu kwa raha zao kwa sababu walijua kuwa mwenye gari hatavuka mlango. Na shemeji naye alipanga maisha yangu kibarazani kwa sababu ileile.

Asubuhi nikajitanda, nikafungua mlango, nikaenda hadi kwenye gari. Nikawafukuza kuku. Kisha nikapeleka salamu kwa fundi kwamba gari haliuzwi, linatengenezwa, aje.

Alikuja akiwa na wasiwasi, akawa anazungumza na mimi huku amenipa mgongo, kwa heshima. Nilimwekea masharti mawili. Kazi ifanyike uwanjani kwangu, mchana, watu wapite waone. Na vipuri vya mtumba sawa, lakini breki ziwe mpya. Nikatoa kiti, nikakaa karibu, nikiwa nimevaa nguo zangu za eda, bila wanja wala mafuta. Waliopita walipunguza mwendo. Wengine walinisalimu kwa sauti ya msibani, wengine walijifanya wanatafuta kitu ardhini. Fundi alipowasha injini kwa mara ya kwanza nikamwambia linamisi, linakohoa, atazame plagi ya tatu. Alitazama, ikawa ndiyo. Tangu siku hiyo aliacha kunishauri habari za kilo.

Habari zikafika Nangurukuru haraka kuliko basi. Shemeji akaja amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, akamkuta fundi anaziba mikwaruzo ya msumari. Akasema watu wanazungumza. Akasema mwanamke wa eda hapaki hina, hajifukizi udi, sasa kupaka rangi gari nako si kujipamba?

"Anayekaa eda ni mimi, shemeji," nikamwambia. "Gari halikufiwa."

Mpango wa rangi sikuwa nao. Nilitaka mikwaruzo izibwe tu, isishike kutu. Alipoondoka nikamwambia fundi apake gari lote, nyeupe ileile, lakini ing'ae.

Siku eda ilipokwisha wanawake wa mtaa waliniogesha, wakanivika kanga mpya, wakanifukiza udi, wakaniombea dua. Nililia sana, maana siku ile ndipo nilipoelewa kuwa kiti cha pembeni kitabaki kitupu. Saa tatu shemeji akafika na pikapu ya kukodi kubeba godoro na kabati langu, akaiegesha mbele ya uwanja. Aliniambia chumba kimefagiliwa na mkewe ameshapika. Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilitoka moyoni.

Nikaingia kwenye gari langu, nikawasha. Nikashusha kioo.

"Asante kwa chumba, shemeji. Sasa sogeza gari lako, umenizibia njia. Korosho zinadondoka."

Alinitazama, akawatazama wanawake waliosimama mlangoni, hakuna aliyemsaidia. Akasogeza.