Kutoka Ziwani Kupitia Korongo la Kulal

Mimi ni mkazi wa Ziwani, mtaa wa Nairobi wenye jina la ziwa lakini usio na ziwa. Wakati wa safari hii, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mjane, opereta wa simu katika ofisi moja mjini. Kazi yangu ilikuwa kukaa kitini na kuwaunganisha watu: huyu anataka Maralal, yule anataka Marsabit. Nilitamka majina hayo kwa miaka kumi na mitano bila kujua kama huko kuna miti au mawe matupu.

Pale mtaani palikuwa na klabu ya watembezi iliyokutana kwenye ukumbi wa jamii kila Alhamisi jioni. Wanachama wote walikuwa wanaume: makarani, madereva, wafanyakazi wa reli. Mwaka uliotangulia walisafiri hadi Ziwa Turkana, nia yao ikiwa kushuka kwa miguu lile korongo linalopasua Mlima Kulal, mlima unaolitazama ziwa kutoka mashariki. Maji yaliwaishia katikati, wakageuka. Tangu siku hiyo hawakuwa na amani. Vijana wa mtaa waliwaamkia, "Niaje, watu wa nusu korongo!" na hata watoto wa shule wakaudaka utani huo.

Kapteni wao, Bwana Okello, karani wa reli, alipotangaza kwamba watarudi huko Agosti, mimi na rafiki yangu Mwikali tulikwenda ukumbini kuomba kujiunga. Mwikali, ambaye mtaani tulimwita Mama Mutua, alikuwa akishona mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor. Alizaliwa na kukulia Kitui, akaja mjini alipoolewa.

"Kina mama," Okello alisema kwa upole, "kule ni jua na mawe tu. Lakini kusema kweli tunahitaji wapishi."

Wanaume wakacheka. Mwikali hakucheka.

"Wapishi wanafika mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka tunapolala. Katikati ya korongo."

"Basi tuandike."

Tulipotoka nje nilikuwa nimefura kwa hasira. Nilimuuliza kama alitaka tukawe watumishi wa wanaume huko jangwani.

"Rispa," akaniambia, "wewe unataka kuingia, ama unataka kubembelezwa uingie?"

Kesho yake alinipeleka kwa jirani yake sokoni, fundi wa akala za matairi, nikapimwa miguu yote miwili.

Jumamosi alfajiri tuliondoka kwa lori la mizigo lenye turubai, dereva akiwa Kioko, mpwa wa Mwikali. Tulikuwa wasafiri wanane: wanaume sita na sisi wawili. Sufuria zetu zilifungwa nyuma, na mapipa ya maji yakawekwa mbele yakitetema. Kufikia saa tano tulikuwa Nyahururu, tukinywa chai ya moto huku meno yakigongana kwa baridi. Nilijifunika leso mbili nikajiuliza jangwa gani hili tunaloendea na makoti.

Baada ya Rumuruti lami iliisha, na pamoja nayo baridi. Tulilala Maralal. Siku ya pili tuliteremka kuelekea Baragoi, barabara ikiwa ya kokoto na mashimo, ngamia wakitutazama kwa dharau kutoka pembeni. Huko South Horr tulikuta bonde lenye kivuli na kijito cha maji baridi, tukanawa nyuso na kujaza mitungi. Baada ya hapo kila kitu kikawa jiwe. Mawe meusi, ya mviringo, yaliyotapakaa kila upande. Lori lilitambaa juu yake kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Saa kumi hivi tulipanda mwinuko wa mwisho, Kioko akazima injini bila kuambiwa. Chini yetu lilikuwa ziwa. Sijui niieleze vipi rangi ile. Haikuwa samawati wala kijani. Kila wingu lilipopita ilibadilika. Maji mengi kiasi kile, na kando yake hakuna hata shamba moja. Wanaume waliokwisha kuliona walisimama kulitazama kama sisi tulioliona mara ya kwanza.

Mjini Loiyangalani tulipokelewa na Mama Nakiru, Mturkana mwenye ua mpana chini ya mikoma, aliyeikaribisha klabu mwaka uliopita. Alitupa mahali pa hema na samaki wa kukaanga. Asubuhi upepo ulivuma kutoka mlimani kwa nguvu za kung'oa hema mbili na kuipeleka kofia ya Okello nisikojua. Mama Nakiru alicheka akituona tukikimbiza mablanketi.

"Upepo unawasalimia tu," alisema. "Mnakwenda korongoni?"

"Tunakwenda, na tutalimaliza," Okello akajibu.

"Wale wa mwaka jana nao waliaga hivihivi."

Siku iliyofuata Kioko alitupandisha Kulal kwa njia ya mawe. Juu kabisa palikuwa na msitu na ukungu, kitu ambacho singekiamini kama nisingekiona. Hapo tulimkuta kiongozi wetu, Lesuyai, mfugaji wa Kisamburu mwenye umri kama wangu, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Yeye ndiye aliyewaongoza wanaume mara ya kwanza. Mpango ulikuwa wa siku mbili: siku ya kwanza kushuka hadi kidimbwi kilichoko katikati, ambacho mwaka huu kilitarajiwa kuwa na maji, na kulala hapo, siku ya pili kutokea chini, ambako Kioko angetungoja na lori.

Tulianza kushuka jua linachomoza. Kuta za korongo zilisimama pande zote mbili, nyekundu na nyeusi, ndefu kiasi kwamba mbingu ilibaki kama ukanda tu. Mahali pengine korongo lilijibana hata nikagusa kuta zote mbili kwa mikono. Mimi na Mwikali tulibeba sufuria mgongoni, na kila zilipogongana mlio ulirudi kutoka juu kama kengele ya kanisa. Sitaficha: nilifurahi kama mtoto. Magoti yaliniuma kwa mteremko, jasho lilinichoma machoni, na bado nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Saa saba mchana tulifika kwenye kidimbwi. Hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga mkavu na mifupa ya ndege.

Wanaume waliketi mmoja mmoja mchangani. Ilikuwa kama mwaka jana umewafuata. Okello alikagua vibuyu na galoni. Maji yaliyobaki yangetutosha kurudi juu kwa shida. Ya kwendea chini, siku nzima zaidi, hayakuwepo.

"Tunageuka," alisema. "Tukikaa hapa tutamaliza na haya kidogo. Sitazika mtu huku."

Mwikali alikuwa ameshatua sufuria yake. Alitembea taratibu kando ya mchanga, akiutazama ukuta wa mwamba, kisha mchanga, kisha ukuta tena. Akamuuliza Lesuyai, "Hapa hamchimbi?"

"Tunachimba," Lesuyai akajibu. "Mwaka jana niliwaambia. Walichimba kidogo, wakachoka."

Okello aliinamisha kichwa. "Tulichimba mpaka magotini. Mchanga mtupu."

"Mlichimba wapi?"

Akaonyesha katikati ya kidimbwi.

"Kwetu Kitui," Mwikali alisema, "nimechota maji mchangani tangu nikiwa na meno ya utoto. Maji hayakai katikati. Yanalala pale mto unapokata kona, chini ya mwamba, kivulini." Akamgeukia Lesuyai. "Ama ninakosea?"

Lesuyai alipiga hatua kumi na tano hivi, akachomeka fimbo kwenye mchanga chini ya mwamba ulioinama. "Hapa," alisema.

"Mama Mutua," Okello akasema, "kukikosekana maji hapo tutakuwa tumepoteza saa na nguvu. Jua la kupandia litatuua."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi pia niliogopa. Ulimi wangu ulikuwa umegandamana na kaakaa. Lakini nilisikia sauti yangu ikitoka.

"Kapteni, tupe saa moja. Ikiisha bila maji, mimi nitakuwa wa kwanza kugeuka, na wala sitalalamika."

Okello alitazama juu, kwenye ukanda wa mbingu. Akavua saa yake akaiweka juu ya jiwe.

Tulichimba kwa mikono na kwa sahani za bati, Mwikali, Lesuyai na mimi. Kwanza mchanga ulikuwa wa moto, halafu wa vuguvugu. Shimo lilipofika magotini ulikuwa bado mkavu. Mmoja wa wanaume alisema, "Si ndiyo hii ya mwaka jana?" Mwikali hakuinua kichwa. Shimo lilipofika pajani kingo zikaanza kuporomoka, tukalazimika kulipanua. Ndipo Okello mwenyewe alipoingia, akavua shati na kuanza kutoa mchanga kwa sufuria yangu ya ugali. Wengine wakamfuata.

Dakika zilikuwa zimebaki chache. Mwikali alikuwa amelala kifudifudi, mkono ukiwa ndani hadi begani. Akatulia. Akautoa mkono na kunipaka mchanga shavuni. Ulikuwa baridi. Ulikuwa umelowa.

"Msiguse," alisema. "Acheni yaje yenyewe. Maji ya mchangani hayapendi haraka."

Tulisimama kulizunguka shimo kama watu walio kwenye ubatizo. Chini kabisa doa jeusi likang'aa, likawa kama sarafu, likawa kama kisahani. Lesuyai aliteka kikombe cha kwanza, maji yakiwa bado na mchanga, akampa Mwikali. Mwikali akanywa kidogo, akakipitisha kwa Okello. Yule mwanamume alipiga magoti kukipokea.

"Mama Mutua," alisema, "nilikuletea sufuria ubebe, na wewe ndiye uliyekuwa na njia. Nisamehe."

"Kunywa, baba," Mwikali akamjibu. "Kuna watu wanangoja kikombe."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wanaume wazima walikumbatiana wakirukaruka, na kuta zikaturudishia vifijo vyetu mara tatu tatu. Kabla jua halijatoka korongoni tulikuwa tumejaza kila chombo. Jioni hiyo Okello na mwenzake walisonga ugali. Uliungua, tukaumaliza.

Siku ya pili ilikuwa yangu. Kufikia saa tatu asubuhi tulifika kwenye genge, mahali ambapo mvua ikinyesha huwa ni maporomoko. Sasa lilikuwa jiwe tupu, refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Okello alifunga kamba kwenye mwamba, Lesuyai akashuka bila kuigusa, kisha wengine, mmoja mmoja. Mwikali alishuka akisali kwa Kikamba kwa sauti kubwa. Juu tukabaki mimi na Okello, aliyeishikilia kamba.

Tangu utotoni naogopa mahali pa juu. Kwetu Kakamega sikupanda hata mpera. Nilishika kamba, nikageuka, mguu ukatafuta jiwe ukakosa, na mwili mzima ukakataa kutii.

"Dada Rispa, usitazame chini," Okello akasema kutoka juu. "Nitazame mimi."

"Wewe uko juu, na miguu yangu inaelekea chini!" nikamjibu, na machozi yananitoka.

Ndipo niliposikia ko, ko, ko. Lesuyai alikuwa amepanda nusu ya njia na alikuwa akigonga jiwe kwa fimbo.

"Mguu hapa," alisema.

Niliupeleka mguu kwenye sauti. Ukapata mahali. Ko, ko. "Sasa huu mwingine." Hivyo ndivyo nilivyoshuka, macho nimeyafumba, nikifuata fimbo, hadi nikahisi mkono wa Mwikali kwenye kifundo changu akisema, "Simama, umefika." Nilifumbua macho, nikatazama nilikotoka, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Alasiri kuta zilianza kufunguka. Upepo ukatupiga usoni, na mbele yetu uwanda wa mawe ukatandazika hadi upeoni. Kioko alikuwa juu ya bodi la lori akipunga shati. Okello alitusimamisha kabla ya kutoka.

"Wanawake mbele," alisema. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake tulikuwa Loiyangalani. Mama Nakiru alihesabu vichwa, akatazama akala zetu zilizochakaa, akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote. Alitushika mkono mimi na Mwikali akatupeleka ziwani, mahali alipojua hapana mamba. Tuliingia na nguo zetu hadi kifuani. Maji yalikuwa vuguvugu, yenye chumvichumvi, na yaliteleza mwilini kama yana sabuni.

"Huko kwenu Nairobi mtasemaje?" Mama Nakiru akauliza.

"Tutasema tulifika," Mwikali akamjibu, akajitupa chali majini.

Tulirudi kwa njia ileile: mawe, South Horr, Maralal, baridi ya Nyahururu. Jumapili jioni tuliingia mtaani tukiwa weupe kwa vumbi. Alhamisi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi madirishani, maana habari ilishatangulia. Okello alisoma ripoti ya safari. Nilitarajia aipambe, kama walivyozoea makapteni, lakini aliisoma yote: kidimbwi kikavu, uamuzi wake wa kugeuka, na ni nani aliyeyatoa maji. Alipomaliza alikunja karatasi akasema, "Mama Mutua, simama watu wakuone." Mwikali akasimama, akanivuta na mimi. Ukumbi mzima ukainuka. Usiku huo wanawake kumi na mmoja waliandikisha majina, mmoja wao akiwa mama mkwe wa Okello.

Watu huniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba woga haunitoki, ila naweza kushuka nao genge. Nilijifunza pia kwamba maarifa ya mtu huenda yakakaa miaka na miaka kimya kwenye kibanda cha soko, hadi siku mahali pakavu patakapoyaita. Na nilijifunza ukubwa wa nchi yangu kwa kipimo cha nyayo zangu mwenyewe. Sasa mtu akinitajia Kulal, nauhisi magotini, nanyoosha mgongo, na namwambia: niliupitia ndani yake, toka juu hadi chini.