Sarafu Ishirini na Mbili za Baba

Baba alianza kununua sarafu mwaka wa tisini, nikiwa darasa la saba. Alikuwa akiendesha mashine katika kiwanda kimoja cha nguo pale Thika, na siku moja saa ya chakula akaja mtu wa suti kutoka Nairobi, akawatandazia wafanyakazi kitabu cha picha zinazometameta. Zilikuwa sarafu za kuweka nyumbani, si za kwenda nazo dukani: simba, ndovu, kifaru, kila moja na mnyama wake. Seti nzima ilikuwa sarafu ishirini na nne, pamoja na sanduku la mbao lenye kitambaa cha buluu kilichotobolewa mashimo ya kuzilaza. Wenzake walicheka wakarudi kwa chai yao. Baba alitia sahihi.

Kila baada ya miezi mitatu hivi posta ilileta kikaratasi, na baba alikwenda na mimi. Alinichukua kwa sababu ya Kiingereza. Kurani aliisoma vizuri, na gazeti la Kiswahili aliliweza polepole kidole kikifuata mstari, lakini Kiingereza kilimshinda. Dada yangu mkubwa alitolewa shule akiwa darasa la tatu, mama alipofariki, ili atulee mimi na kaka. Kaka naye hakuwa na subira ya karatasi. Basi kazi ikawa yangu. Tukitoka posta tuliingia hoteli ndogo nyuma ya soko, baba akaniagizia chai ya maziwa na mahamri mawili, akapasua kifurushi kwa kisu cha mfukoni, akanisogezea cheti kilichokuja na sarafu.

"Nisomee, mama," aliniambia, maana mimi nilikuwa na jina la mama yake. "Wanasema ni ya nini?"

Mara ya kwanza nilimsomea nilivyoelewa. Palikuwa na neno moja nisilolijua, nikaliruka. Nikamwambia ni dhahabu ya karati ishirini na nne. Akacheka peke yake, akaigeuza sarafu ya simba kwenye mwanga wa mlango, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

Wiki ile nililitafuta lile neno kwenye kamusi ya shule. Maana yake ilikuwa kitu kilichopakwa juu kwa tabaka jembamba. Nilikaa na kamusi mapajani mpaka kengele ikalia. Kwa hivyo mara ya pili, pale pale hotelini, kifurushi cha ndovu kikiwa wazi mezani, nilikuwa najua. Baba akaniuliza tena. Nikasema, "Dhahabu, baba."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kusema sikutaka kumvunja moyo, na watu wangenielewa. Lakini haikuwa hivyo. Baba alikuwa na watoto watatu na zamu za kiwandani, na siku za posta ndizo siku pekee alizokuwa wangu peke yangu. Nilijua nikisema ukweli hakutakuwa na posta tena, wala hoteli, wala kusogezewa cheti kama mtu mzima. Niliendelea kumsomea hivyo mpaka nikamaliza sekondari.

Sarafu zilifika ishirini na mbili. Halafu, mwanzoni mwa tisini na sita, zikakoma. Baba alisema kampuni imefungwa, na hatukuuliza zaidi. Mashimo mawili yalibaki matupu kwenye kitambaa cha buluu. Mwezi uleule alinitafutia kazi kwa sonara mmoja wa Kihindi mjini, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi. Nilifagia, nikaandika risiti, na baadaye nikafundishwa kupima dhahabu: unasugua kitu kwenye jiwe jeusi, kinaacha alama, unaidondoshea asidi, unatazama alama inabaki au inakufa. Nilizijua pete za wake za watu zilizokuwa za kweli na zilizokuwa za uongo. Sanduku la nyumbani sikuligusa hata siku moja.

Sukari ilimla baba mguu kwanza, kisha macho. Dada, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mumewe bila kitu, ndiye aliyemwogesha na kumfunga vidonda kwa miaka miwili. Baba alifariki baada ya ile mvua kubwa ya mwisho wa tisini na saba, barabara za mtaa wetu wa Majengo zikiwa bado matope matupu.

Tangu tulipomzika, nyumba haikunyamaza sawasawa. Dada alisema kila siku baada ya Alasiri husikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa chumbani mwa baba, akienda hukuta limefungwa. Sikumcheka. Mimi mwenyewe, nikiandika risiti dukani mchana kweupe, nilihisi mtu amesimama nyuma ya bega langu la kulia, ameinama kama anayefuata mistari, na harufu ya mafuta ya mashine ikanifikia wazi kabisa. Nikigeuka namkuta mteja tu, au ukuta. Nilianza kusoma kimyakimya bila kusogeza midomo, nikiogopa kuulizwa.

Baada ya arubaini tulikutana nyumbani, sisi watatu na shehe wa msikiti wetu, kuzungumza urithi. Baba aliacha ploti Kimbo, kule Ruiru, na sanduku. Kaka, aliyekuwa fundi wa magari Ruiru, alikuwa na neno tayari.

"Baba mwenyewe alikuwa akisema hilo sanduku litanunua ploti mbili," alisema. "Basi mimi nichukue Kimbo, nyinyi wawili mchukue dhahabu. Hapo nani amedhulumiwa?"

Dada aliitikia kwa kichwa. Nilimwona amefurahi, na furaha ile iliniuma kuliko msiba. Alikuwa ameshanieleza anachotaka: cherehani, na chumba ambacho hakuna mwanamume wa kumwambia atoke.

Shehe akainua mkono. "Kabla ya kugawana, kila kitu kithaminiwe. Si kwa maneno ya marehemu." Akanitazama mimi. "Wewe si unafanya kwa sonara?"

Nikasema ndiyo.

Asubuhi iliyofuata nilibeba sanduku ndani ya kiondo, nimelifunika kwa leso. Mzee alikuwa anafungua duka. Nililiweka juu ya kaunta nikainua kifuniko, na mara ile ile nikajua bega langu la kulia halikuwa peke yake. Mzee alizitazama sarafu kwa muda. Hakuonyesha kushangaa.

"Pima wewe," akasema.

Nilichukua ya simba. Nikaisugua kwenye jiwe, ikaacha alama ya manjano, nzuri. Nikasugua tena mahali palepale pa sarafu, kwa nguvu zaidi, na alama ya pili ikatoka nyekundu. Nikadondosha asidi. Ikatoa vipovu vya kijani, alama ikafa. Nikachukua ya ndovu. Nikachukua ya kifaru. Nilipofika ya tano mzee akaniondolea chupa.

"Wacha. Yote iko shaba," alisema. "Dhahabu yake ni kama rangi ya kucha tu. Anayenunua vyombo vikuukuu atakupa bei ya kilo."

"Ulijuaje kabla sijapima?"

Alivua miwani akaisafisha kwa shati. "Baba yako alileta hii moja, ya simba. Kabla wewe hujaanza kazi hapa. Nilimpimia kama wewe unavyopima sasa. Nilidhani atapiga kelele, kuna mwingine wa Ruiru alilia kwenye hicho kiti. Yeye alikaa tu. Halafu akauliza kama nahitaji msichana wa kazi hapa dukani, anayejua kusoma."

Nilianza kurudisha sarafu kwenye mashimo yake.

"Akaniomba nisikuambie," mzee aliendelea. "Sasa amekufa, na wewe umeuliza."

Sikumbuki nilivyofunga sanduku. Nakumbuka nilitembea mpaka daraja la Chania nikasimama pale, maji yakipita mekundu chini kwa ajili ya mvua, lori baada ya lori likitikisa daraja. Baba alijua. Miaka miwili alikula nami sahani moja akijua, akaniuliza habari za kazi akijua, mpaka macho yakaisha. Labda aliniweka pale kwa huruma, nipate ufundi. Labda aliniweka pale ili siku moja nishike jiwe kwa mkono wangu mwenyewe. Na kama alijua, kwa nini alimwacha dada aendelee kulifuta sanduku lile kila Ijumaa kwa matumaini? Huenda aliona haya. Huenda alikuwa ananisitiri mimi. Nilimwuliza pale darajani, kwa sauti, watu wakipita. Mara ile hakuwapo.

Wakati natoka darajani kurudi nyumbani nilikuwa na uongo mpya tayari. Ningetaja bei kubwa kiasi, kisha nimlipe dada kidogo kidogo kutoka mshahara wangu nikidai ni za sarafu nilizouza. Nilikuwa nimeupanga wote nilipofika mlangoni. Nikakuta kaka, dada na shehe wamekaa wananisubiri, na dada amenitengea nafasi kwenye mkeka karibu naye. Nikashindwa.

"Ni shaba," nilisema. "Zote."

Kaka alisema sonara ni mwizi. Nikamwambia nimepima mwenyewe. Halafu nikaeleza yaliyobaki: kamusi, hoteli, mahamri, na baba alivyokwenda kwa mzee. Nilieleza nikitazama mkeka. Shehe alisema Mungu amrehemu. Kaka alisimama akatoka uani, tukamsikia akipiga teke ndoo.

Dada ndiye aliyeniuliza, polepole sana, "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu ya pili."

Akainuka, akachukua sanduku, akaingia nalo chumbani mwa baba.

Shehe aliigawa ploti ya Kimbo kwa sheria: nusu ya kaka, robo ya dada, robo yangu. Kaka alinuna lakini hakubisha mbele yake. Robo yangu niliiandika kwa jina la dada kabla jua halijatua, shehe akiwa shahidi. Mwisho wa mwezi niliacha kazi kwa sonara. Mzee alinibembeleza, akasema nina mkono mzuri, ila lile jiwe jeusi sikutaka tena kulishika. Nikapata kazi ya kupanga madaftari kwenye duka la vitabu vya shule.

Dada hakunisemesha mpaka Ramadhani ikapita. Alinipakulia chakula, akanifulia, lakini neno hapana. Alijenga vyumba viwili vya mabati Kimbo, kimoja cha kupangisha. Kuhusu kifuniko hakulalamika tena, nami sikumwuliza kama bado anakisikia.

Siku aliyohamia nilikwenda kumsaidia. Udongo wa Ruiru ulikuwa bado mbichi, ukishika viatu. Tulishusha kitanda kutoka kwenye mkokoteni, yeye kichwani mimi miguuni, na mlangoni kikakwama. Tukasimama hivyo, kila mtu na upande wake, mbao katikati yetu.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Hata kama yeye hukuweza kumwambia. Ulikuwa unarudi nyumbani na mafuta ya mahamri mdomoni, mimi niko hapo naosha sufuria. Ungeniambia."

Nilibadilisha mkono kwenye mbao.

"Inamisha upande wako," akasema. "Zaidi. Hapo."

Kitanda kikaingia.