Pamba Safi, Pamba Fifi

Kila ninapokata kamba za belo la mitumba hapa Busia, hutoka harufu kavu ya vumbi na mafuta inayonirudisha kijijini Kwapa. Wateja huniona nimeinamia mashati, wakadhani nakagua madoa. Wala. Nanusa kwetu.

Kwetu palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na kijiji kizima kiliishi kwa king'ora chake. Kililia asubuhi tukaamka, kililia mchana sufuria zikateremshwa. Hata jogoo wetu, mvivu wa kutupwa, alikisubiri ndipo awike. Msimu wa mavuno mama alitandika mkeka uani tukachagua pamba: nyeupe upande huu, hiyo ni safi, yenye madoa upande ule, hiyo ni fifi, ya bei ya chini. Ukichanganya, kofi.

Mwaka niliomaliza shule ya msingi, king'ora hakikulia. Malori yalikuja yakabeba mashine, yakashika njia ya Tororo. Majirani waling'oa pamba wakapanda muhogo. Mama akaijaza yetu chumbani kwangu mpaka usawa wa dirisha.

"Athieno, lala juu yake tu," aliniambia. "Kiwanda iko nafungua. Hii pamba ndiyo napeleka wewe sekondari."

Basi nililala juu yake, nikizama mpaka masikio, na sijawahi kulala vizuri vile tena. Niliwaringia watoto wote wa jirani.

Kila Jumapili baada ya kanisa mama alitandika mkeka akachagua upya. Paa lilivuja, panya wakakojoa, ukungu ukaingia. Lundo la safi lilipungua, la fifi likakua. Nilidhani tunafanya usafi wa nyumba, nikamsaidia huku naimba. Kisha ikaja Jumapili aliyochagua peke yake, akigeuza kila konzi ya pamba mara mbili. Upande wa safi haukubaki na kitu.

"Chukua jembe," akasema. "Kesho tunalimia watu."

Nililia sana, jamani, kwa ajili ya kitanda changu.

Leo ninaye binti anayeniuliza kwa nini sikusoma sekondari. Nakumbuka ile konzi ya mwisho. Ilikuwa na doa dogo tu, na hapakuwa na mnunuzi wa kumdanganya. Mama aliitazama, akaiweka kwenye fifi kwa mkono wake mwenyewe.