Mlio wa Nzi Katika Piano ya Misheni

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, hata mbele ya daktari: sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Kwa karani si neno. Mimi nilikuwa fundi wa piano.

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini, Mkuu wa Karakana pale Dar es Salaam alikitazama cheti changu cha chuo kikuu, akanirudishia kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza. "Hapa tunasoma kwa masikio," akasema. Nikaitikia, nikihakikisha amesimama kulia kwangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mpanda. Misheni moja ilikuwa na piano kubwa, ile ambayo nyuzi zake zimelala badala ya kusimama, na noti za katikati zilitoa mlio kama nzi ndani ya kopo. Mkuu aliwahi kuipitia, akaandika kwamba ubao wa sauti, ule wa chini ya nyuzi unaokuza mlio, umepasuka. Nilitumwa kung'oa nyuzi ziwe vipuri. Lawama alibebeshwa Mama Anastazia, mtunza kanisa, mkulima wa asili ya Burundi. Wazee wa kanisa walisema aliukanyaga ubao akifuta vumbi, na walikuwa tayari kumwondoa.

"Fundi, mwanangu," aliniambia, "mimi kupanda kitanda tu magoti yanalia. Nitapanda piano?"

Nilicheka, ingawa koleo lilikuwa mkononi. Nikamwomba abonyeze noti moja, kisha aiachie.

Vijana mnaojifunza kazi hii, shikeni hili. Kitufe kikiachiwa, kipande cha mbao chenye sufu hushuka juu ya uzi na kuunyamazisha. Ubao uliopasuka hunguruma pamoja na uzi, hunyamaza nao. Mlio huu uliendelea. Basi ulitoka mahali ambapo sufu ile haifiki. Sikio halikuweza kuniambia ni wapi, nikatumia kidole, uzi mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, pale uzi unapobakiza kipande kifupi kabla ya kufungwa, kidole kikahisi mtetemo. Nikalaza kiganja. Kimya.

"Mama, hapa hapakuwa na kitambaa cha kuzuia mlio?"

"Yoo! Kile chekundu, kimepita huku na huku kati ya nyuzi? Nilidhani ni kazi ya panya. Askofu alikuwa anakuja, nikakichoma."

"Ukakichoma!"

"Sasa nyie mafundi mnafichaje tambara ndani ya chombo cha kanisa?"

Nilikata mkono wa sweta yangu ya sufu ya chuo, nikaupitisha juu na chini ya vipande vile. Huo ndio mchango pekee wa elimu yangu ya juu kwa piano ile.

Tukaisukuma hadi kwenye mlango wa ofisi ya misheni, penye simu, wazee wa kanisa wakitufuata. Nikampigia Mkuu.

"Umeshazing'oa?"

"Bado, mzee. Sikiliza."

Nikaunyosha mkono wa simu kuelekea kwenye nyuzi. Mama Anastazia akapiga noti, akaachia.

"Tena," Mkuu akaamuru.

Akapiga tena.

"Mimi sikungoja kusikia baada ya kuachia," Mkuu akasema. "Usiguse uzi hata mmoja. Ubao ni mzima. Nilikosea."

Nikayarudia maneno hayo kwa sauti, moja moja, nikiwatazama wazee wa kanisa usoni. Mama Anastazia akapiga kigelegele, madirisha yakatikisika.

"Kelele gani tena hiyo?" Mkuu akauliza.

"Hiyo haina dawa, mzee."