Wimbo wa Mama Nilioupeleka Redioni

Mutanicheka, lakini afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Mimi naandika mchezo wa redio hapa Masisi. Ndani iko mujane mumoja anayempenda jirani yake, lakini anaona haya kusema. Nikaamua asiseme kitu: kila jirani akipita, yeye aimbe chini chini, na wasikilizaji wataelewa yote.

Wimbo niliupata nyumbani. Mama yangu, naye mujane, anauimba kila Jumamosi asubuhi akichambua maharagi mulangoni. Nikamurekodi kwa simu bila kumuomba ruhusa, nikajisifu: mwandishi ni masikio!

Siku ya kipindi, Papa Bahati, muuza fromaji, ile jibini ya hapa kwetu, alikuwa amesimama mulangoni na kikapu chake, kama Jumamosi zote. Redio ikawaka. Mujane wangu akamuona jirani, na sauti ya mama ikatoka.

Mikono ya mama ikasimama ndani ya maharagi. Wimbo ukakatika katikati, pale anapokomeaka siku zote. Papa Bahati akatua kikapu, akafumba macho, akaimba sehemu iliyobaki, pole pole, mpaka mwisho.

"Njo ule wimbo tulicheza kwenye harusi kule Lushebere, tukiwa vijana," akasema. "Nilifikiri ulisahau."

Mama akaficha uso ndani ya kitenge. "Mutoto wangu," akaniuliza, "sasa Masisi yote inajua?"

Na mimi, fundi wa hadithi za mapenzi, miaka hii yote niliamini anaimbia maharagi.