Chingamu ya Dada Chai

Halafu eti anajidekeza! Mtu anatoka damu sikioni, msimamizi anamwambia anajidekeza!

Ni huyu Dada Chai, ndivyo abiria walivyomzoea, anayesukuma toroli la chai kwenye treni ya mwendokasi. Treni ikiingia handakini na mbio zile, hewa haina pa kukimbilia. Inabanwa kama kwenye pampu ya baiskeli, inapenya mpaka ndani ya behewa, inakuziba masikio, pu! Abiria anameza mate, yamekwisha. Dada Chai anapita mahandaki chungu nzima, kwenda na kurudi, na anasimama pale mlangoni ambapo mpira wa kuzuia hewa umechoka zamani. Dawa yake ilikuwa moja: chingamu. Anatafuna, masikio yanafunguka, kazi inaendelea.

Basi abiria mmoja, suti na nini, akamshtaki. "Mhudumu wenu anacheua kama mbuzi."

Msimamizi akamwita. "Nikikuona unatafuna tena, hilo toroli unaliacha."

"Bosi, ni masikio..."

"Kwani wenzako hawana masikio?"

Ana mtoto analea peke yake. Chingamu akaziacha.

Wiki ileile mafua yakambana. Kuomba apumzike, akaambiwa watu hawatoshi. Pua imeziba, mdomo mtupu, treni ikazama kwenye handaki refu. Kitu kikapasuka ndani kabisa ya kichwa. Birika likamponyoka. Kushika sikio, kiganja kikarudi na damu.

Daktari akasema ngoma ya sikio imechanika vibaya, na lile la pili nalo limeanza kuchoka. Maumivu yaliisha. Kusikia hakukurudi, na hilo la pili sasa linashika sauti kubwa tu.

Sasa, binti yake tangu zamani halali bila kumnong'oneza mama siri zake. Siku hizi ananong'ona, mama anatabasamu tu. Juzi katoto kakamshika mashavu, kakamgeuza uso.

"Mama, umeninunia?"

Hilo alilisoma midomoni. Akamkumbatia, akalia mpaka mtoto naye akaanza.

Asubuhi yuko kazini, midomo kaibana. Anakuuliza mara mbili, chai au kahawa, watu wanasonya: "Huyu kiziwi, nini?"

Ndiyo, kiziwi. Mmemfanya nyie.

Sasa wewe unayepanda treni ile: ukimwona mhudumu anatafuna, nyamaza. Na ile namba ya malalamiko iliyobandikwa behewani, ipige. Waambie waache watu watafune. Piga leo.